Maneno ya Mama katika Nyumba ya Tarjumani

Mtaa wa Chechelesi,
Isiolo.
14 Juni 2025

Mpendwa ndugu yangu Hanad,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Je, hamjambo huko Winnipeg? Sadia mkeo ameacha kukohoa? Na Lul, huyo mwanafunzi wa maswali, meno ya mbele yameshaota au bado anacheka na pengo? Ile picha yake mliyotuma akiwa na koti la baridi naiangalia kila siku. Mmemfungafunga mtoto wa watu kama godoro linalosafirishwa juu ya basi.

Sisi huku tuko, alhamdulillahi. Upepo wa Juni umeanza na vumbi linaingia mpaka kwenye sukari. Kotile mume wangu anakusalimu pamoja na goti lake bovu, maana siku hizi hawatembei mmoja bila mwingine. Mimi bado napeleka maziwa ya ngamia stendi kila asubuhi yaende Nairobi. Nimepungua mwili kidogo. Watu wakiniona wananiambia pole, nami naitikia, kisha nageuza uso.

Barua hii anakuletea Ruweida, binti wa jirani yetu, anayekuja kusoma huko. Najua utashangaa kwa nini nimekuandikia na simu zipo. Nimejaribu kukupigia mara tatu, Hanad. Kila nikianza nalia, nawe unasema basi dada, basi, na mimi nakata kabla sijafika nilikokuwa nakwenda. Karatasi hainiambii basi.

Uliniuliza mambo mawili. La kwanza ni la Lul: mwalimu wake anataka kila mtoto aeleze jina la ukoo wake limetoka wapi. La pili ni lako. Nitaanza na la Lul kwa sababu ndilo rahisi, na dada yako ni mwoga.

Nilikwenda kwa Ustadh Golicha, yule yule aliyetufundisha Kiarabu na kukuvuta masikio. Yuko hai, haoni vizuri, lakini kichwa chake hakijapungua kitu. Yafuatayo nimeyapata kwake, na palipo na kosa ni langu.

Neno tarjumani sisi wasemaji wa Kiswahili, wa bara na wa pwani, tumelichukua kwa Waarabu. Wasomali nao wanasema turjumaan. Waturuki wanalo, na Wahabeshi wa pale mpakani wana neno lao la ukoo huo huo. Hili jingine, mkalimani, limetokana na kalima, yaani neno. Lakini Ustadh anasema Waarabu hawakuwa wa kwanza. Katika nchi inayoitwa Iraki leo, maelfu ya miaka kabla ya Uislamu, watu waliandika kwa kuchora udongo mbichi kwa ncha ya utete. Katika vibao vile limo neno targumannu, mtu anayesimama kati ya wawili wasioelewana. Wako wasomi wanaosema hata hao waliliazima kwa majirani zao wa kaskazini. Wengine wanakataa. Hawajakubaliana mpaka leo.

Nikamwuliza, sasa Ustadh, kwao hasa ni wapi? Akacheka. "Fartun, hii neno imetembea kushinda ngamia. Kila mtu alipata kwa jirani yake. Wewe unataka nikuonyeshe boma yake?"

Basi Lul aandike hivyo. Aandike kwamba jina lake limekuwa likipita kwa watu miaka elfu nne na hakuna ajuaye mama yake neno hilo ni nani.

Sehemu ya Babu unaijua, ila umweleze vizuri. Baba yake Babu alikuja na jeshi la Waingereza akitokea pwani ya Ghuba ya Aden, akapewa mahali hapa Isiolo, akaoa. Babu Jama akazaliwa hapa hapa. Alijua Kisomali, Kiborana, Kiswahili na Kiingereza, wakamweka ofisi ya D.C., mkuu wa wilaya, kuwa tarjumani. Cheo kikageuka jina, jina likatushika sote, hata baba yetu Abdinasir ambaye hakuwahi kutafsiri kitu ila bei ya mbuzi.

Na umwambie jinsi alivyofanya kazi, maana hilo ndilo ninalotaka wewe mwenyewe ulikumbuke. Babu alisimama katikati, hakusimama mbele ya mtu. Hakusema, "Huyu anasema hivi." Alisema mimi. Afisa akikasirika, Babu alimwambia mchungaji, "Mimi nasema wewe ni mwongo," na mchungaji akainua fimbo, na Babu hakukwepa. Mchungaji akijibu, Babu alimgeukia afisa kwa sauti ile ile, "Mimi nasema mwizi ni wewe." Hakuongeza wala hakupunguza. Alisema mwenye kulainisha maneno ya watu ni shahidi wa uongo.

Kisha akirudi nyumbani, kabla ya salamu, kabla ya chai, alichukua bilauri ya maji akasimama mlangoni, akasukutua kinywa mara tatu na kutema nje. Unakumbuka? Tulikuwa tukimwiga kwa maji ya kunawia tukachapwa. Alikuwa akisema, "Haya si maneno yangu, yasilale kinywani mwangu."

Sasa Hanad, kama umesimama unaposoma, vuta kiti.

Siku ya pili baada ya Mama kurudi kutoka hospitalini kwa kile kiharusi, ulipoomba usikie sauti yake, nilimwekea simu mdomoni nikairekodi, nikakutumia. Ukaniuliza, "Anasema nini?" Nikakujibu, "Anakuombea dua. Anasema Mungu akuzidishie." Wewe ukalia kwa furaha. Alipofariki ukawaambia watu wote waliokuja kukupa pole kwamba neno la mwisho la mama yako kwako lilikuwa dua. Na sasa umeniomba maneno yenyewe, kwa Kiturkana na kwa Kiswahili, ili Lul ayahifadhi.

Mimi sikujua alichosema. Sikuelewa hata neno moja. Nilikudanganya.

Niache nikueleze ilivyokuwa, halafu unihukumu. Unajua walimtibu hospitalini wakaturuhusu tumlete nyumbani. Upande wa kulia ulikuwa umekufa, lakini ulimi ulikuwa unafanya kazi. Tulifurahi. Alipofungua kinywa, kikatoka Kiturkana, lugha ya kwao, peke yake. Kiswahili cha miaka hamsini kilikuwa kimemtoka chote, na Kisomali alichojifunza kwa ajili ya mama mkwe nacho kimekwenda. Nilimwambia, "Mama, sema polepole." Alisema polepole. Nikamwambia, "Mama, ni mimi, Fartun." Akasema mengi, akanitazama machoni, akangoja. Mimi nikamletea uji.

Kutwa nzima alikuwa akisema na mimi nikileta uji. Nikileta maji. Nikimgeuza mto. Nikimfunika, akiitupa shuka kwa mkono wake mmoja. Nyumba ya Tarjumani, ndugu yangu. Nyumba iliyokula mshahara wa lugha za watu, na hakukuwa na mtu wa kumwelewa mama mwenye nyumba.

Utaniuliza kwa nini sikumtafuta mtu. Ngare Mara ni mwendo mfupi, na hapa Chechelesi Waturkana wamejaa. Jibu halina heshima. Niliona aibu kutoka nje nikaseme kwamba siijui lugha ya mama yangu. Nikasema kesho atapata nafuu, Kiswahili kitarudi.

Na aibu hiyo haikuanza juzi. Kuna jambo hujui kwa sababu ulikuwa bado unanyonya. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilikuwa na wenzangu wa madrasa dukani, Mama akakutana na mwanamke wa kwao, wakaamkiana kwa Kiturkana kwa sauti kubwa, wakacheka, wakashikana mabega. Wenzangu wakanitazama. Jioni ile nilimfuata jikoni nikamwambia, "Mama, usiongee ile lugha mbele za watu." Alikuwa anachambua mchele. Hakunigombeza. Alisema, "Sawa." Akaendelea kuchambua mchele.

Ndiyo maana wewe hukuijua, Hanad. Ulikuwa unafikiri Mama hakutaka kutufundisha. Ni mimi niliyemnyang'anya.

Siku ya tano ilikuwa Alhamisi, siku ya makaa. Etabo akaja kama kawaida na gunia lake, akapita geti la nyuma. Unamkumbuka Etabo wa makaa, yule mrefu mwenye sikio lililochanika, ambaye Mama alikuwa akisimama naye pale getini mpaka sisi tunasema leo makaa yanapimwa moja moja. Nilikuwa jikoni. Mama akasema kitu chumbani. Etabo akaliacha gunia likaanguka, akapita mbele yangu bila hodi, na viatu vyake, na vumbi lake, akaingia chumbani kwa Mama akaketi chini kando ya kitanda. Akamwita, "Akiru."

Nilimfuata nimekasirika kweli kweli. Nilikuwa na mwiko mkononi. Nilimwambia, "Wewe mzee, toka! Hapa ni chumba cha mgonjwa."

Hakuinuka. Mama alikuwa amemshika kidole. Akaniambia, "Hii mama ni dada yangu. Baba moja, mama moja. Mimi nimekuja hii nyumba miaka thelathini na nane. Hakuna siku mtu aliniuliza jina ya baba yangu."

Hanad, ni mjomba wetu. Mdogo wake Mama, kutoka Gotu. Mama aliposilimu na kuolewa, baba yao alimkataa, na upande wetu bibi yetu alisema hataki watu wa Gotu mlangoni pake. Etabo akaanza kuuza makaa ili apate sababu ya kufika. Siku zote zile tulizowacheka getini walikuwa wanapeana habari za nyumbani kwao: nani amezaa, nani amekufa, mvua imenyesha wapi. Habsa, jina tulilomjua nalo, alipewa na babu yetu aliposilimu. Akiru ndilo alilozaliwa nalo. Mimi mwanawe nimelisikia nikiwa na miaka hamsini, kwa mwuza makaa.

Walizungumza muda mrefu. Halafu Etabo akanigeukia. "Anauliza kwa nini hamsugui mguu yake. Ya kushoto. Anasema amewaambia tangu Jumapili."

Nilipiga magoti nikausugua mguu ule kwa mafuta ya simsim mpaka adhana ya magharibi. Akalala usingizi mzuri, wa kwanza tangu augue. Asubuhi ya Ijumaa hakuamka. Innalillahi wa inna ilayhi rajiun. Mazishi tuliyafanya Ijumaa hiyo hiyo. Kotile alinieleza waliporudi kutoka makaburini kwamba Etabo alisimama nje ya ua, ameshika viatu mkononi, watu wakimwuliza kama amepotea. Kotile akamshika mkono akamwingiza, naye akatia mchanga mara tatu pamoja na wenye msiba. Hilo nimemshukuru mume wangu, na nitaendelea kumshukuru.

Sauti uliyo nayo wewe nilikuwa nimeisahau. Ulipoandika mwezi uliopita ukitaka maneno yenyewe, nikamwita Etabo. Nilimweka sebuleni, kwenye kiti cha Babu. Nikamwekea sauti, kipande kwa kipande, naye akanitafsiria, mimi nikiandika nyuma ya kalenda ya mwaka jana. Sikumweleza desturi ya Babu. Alianza mwenyewe kwa mimi.

Niliwaza kukuandikia dua. Wallahi niliwaza. Ningemwomba Etabo anipe maneno mawili mazuri ya Kiturkana, na wewe ungeyaweka kwenye fremu. Lakini jina hili nimekwisha kulieleza hapo juu kwa ajili ya mtoto, na siwezi kumweleza jina kisha nikamlisha uongo. Haya ndiyo aliyosema mama yako. Kiswahili ni cha Etabo, nimenyoosha sarufi tu:

"Mimi Akiru. Nani yuko ndani ya hiki kitu? Ni yule mdogo? Ni yule aliyekwenda kwenye baridi? Kama ni wewe, waambie hawa. Mguu wangu wa kushoto unaniuma. Huyu mwanamke anayenilisha ana mikono mizuri, lakini nikimwambia mguu ananiletea uji. Mimi namjua, ni binti yangu. Yeye ndiye hanijui. Zamani aliniambia ninyamaze, nikanyamaza. Nilisema ni mtoto huyu, akikua ataniuliza. Hakuuliza. Sasa lugha yao imenitoka, sijui imekwenda wapi, nimebaki na yangu. Mwiteni Etabo. Anakuja siku ya makaa. Mwambieni apite mlango wa mbele, mimi nimechoka kusimama pale nyuma. Wewe wa kwenye baridi, umekula? Mbona husemi? Nakuuliza umekula. Hata wewe hunijibu."

Ni hayo tu. Hakuna dua ndani yake. Nimetafuta.

Etabo aliporudisha simu mezani akaniuliza, "Na kijana alijibu nini?" Nikamwambia hukuelewa, na kwamba mimi ndiye niliyekwambia ni dua. Hakunilaumu. Alifuta macho kwa ncha ya shuka yake akaomba chai.

Nisamehe, Hanad. Sikuombi leo wala kesho. Nisamehe utakapoweza. Nimekunyang'anya lugha ulipokuwa mtoto, na ulipokuwa mtu mzima nikakunyang'anya maneno ya mwisho nikakupa mengine badala yake. Ulikuwa na haki ya kusikia kwamba mama yako, mguu ukimwuma, alikuwa akikuuliza kama umekula.

Jambo moja ujue. Alhamisi iliyofuata siku hiyo ya kutafsiri nilifunga geti la nyuma kwa kufuli. Etabo akagonga huko huko. Nikazunguka, nikamwambia, mjomba, njia ni hii. Akapita mlango wa mbele na gunia lake mgongoni, makaa yakidondoka kwenye zulia la Bibi, na mimi sikulifagia mpaka alipoondoka. Sasa kila Alhamisi anakunywa chai na kunifundisha. Mimi ni mzito, ulimi wangu umekauka, ananicheka mpaka anakohoa. Neno la kwanza nililomwomba ni mguu.

Msalimie sana Sadia, mwambie adabu yake wakati wa msiba imefika hata kwetu. Mbusu Lul kwenye pengo. Kotile anakusalimu, Ustadh Golicha anakusalimu na kuuliza kama bado unaswali kwa wakati. Mjomba wako Etabo anakusalimu. Ni mara ya kwanza mtu kukuletea salamu zake, zipokee. Mwenyezi Mungu amlaze Mama mahali pema, akulinde wewe katika baridi hiyo, na atukutanishe tukiwa bado tunaelewana.

Nilipoanza kunakili maneno ya Mama niliweka bilauri ya maji hapa mezani, kama Babu. Nimeyaandika yote kwa mimi, sikuongeza, sikupunguza. Nilipomaliza nikainuka, nikasimama mlangoni, huu wa mbele. Nikatia maji kinywani ili nisukutue.

Nimeyanywa.

Ni mimi dada yako, anayekupenda na kukungoja,

Fartun Abdinasir Tarjumani, binti Akiru